Usiipite Meza ya Maji

Wewe uliye jikoni ukiteleka chai, wewe uliye njiani kwenda kazini, na wewe uliye kitandani kwa ugonjwa, karibuni tuwe pamoja kwa dakika hizi chache.

Leo nataka tuzungumze juu ya mashindano fulani, tena mashindano magumu sana. Yamkini wengi wetu hatutashiriki kamwe. Lakini tukiyaangalia vizuri tutaona kwamba yanatuhusu, hasa wale kati yetu waliochoka.

Hapa kwetu Kenya neno marathoni si geni. Hata mtoto mdogo wa shule anajua kwamba ni mbio za kilomita 42 na mita 195, karibu sawa na kutoka Nairobi hadi Thika. Tunakumbuka jinsi marehemu Kelvin Kiptum alivyozikimbia mjini Chicago mnamo Oktoba 2023 kwa muda wa saa mbili na sekunde 35. Alianza asubuhi, miguu ikiwa mipya, tumbo likiwa limetulia. Hata hivyo, marathoni ni kazi. Hakuna aliyewahi kuikimbia akasema ni mchezo wa watoto.

Basi iko marathoni nyingine, ambayo mtu huifikia akiwa tayari amechoka. Kabla ya kupiga hatua ya kwanza, mkimbiaji amekwisha kuogelea baharini kilomita 3.8. Akitoka majini ameendesha baiskeli kilomita 180, ambazo ni kama kutoka Nairobi, ukapita Naivasha, ukapita na Nakuru. Akishuka kwenye baiskeli, ndipo anapovaa viatu na kuambiwa, "Sasa anza marathoni." Mashindano haya ya michezo mitatu kwa siku moja huitwa traiathloni, na yale ya urefu huu yanajulikana sana kwa jina la Ironman, maana yake mtu wa chuma.

Yalianza mwaka 1978 katika kisiwa cha Oahu, huko Hawaii. Watu walikuwa wakibishana ni nani aliye na mwili imara zaidi, mwogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji. Ofisa mmoja wa jeshi la majini la Marekani, John Collins, akatoa shauri kwamba mashindano matatu yaliyokuwako kisiwani yaunganishwe yawe ya siku moja. Mwaka ule walianza watu 15, wakamaliza 12. Mwaka 1981 mashindano yakahamishiwa Kona, katika kisiwa kikubwa cha Hawaii. Huko barabara inapita kati ya mawe meusi ya volkano, mfano wa yale yaliyoko karibu na vilima vyetu vya Chyulu. Jua likiyapiga, joto linatoka juu na linatoka chini.

Wanaoyajua mashindano haya husema kwamba taabu yenyewe iko katika sehemu ya tatu. Hebu tuangalie ni kwa nini.

Mwili wa mwanadamu huweka akiba ya sukari katika ini na katika misuli. Akiba hiyo ndiyo inayotupa nguvu za kazi ya haraka. Si kubwa. Hata mkimbiaji wa marathoni ya kawaida mara nyingi huiona ikimwishia karibu na kilomita ya 30, na miguu huwa kama imejazwa mchanga. Mafuta ya mwili yapo, tena mengi, lakini hutoa nguvu polepole. Sasa mfikirie mtu ambaye amekwisha kufanya kazi saa sita, saba, au nane kabla hajaanza kukimbia. Akiba yake imeguswa tangu asubuhi. Jasho limemtoka pamoja na chumvi. Hawezi kujaza pengo lote kwa kula, kwa maana mwili ukiwa katika kazi ngumu damu huelekea kwenye misuli, na tumbo hubaki na damu kidogo. Chakula kinakaa pale bila kusagwa, na wengine hutapika. Kwa hiyo mtu ana njaa lakini hawezi kula, ana kiu lakini maji hayakai.

Hata walio hodari hupunguzwa mwendo. Mwaka 1989 Mmarekani Mark Allen alishinda huko Kona, na marathoni yake ya siku ile ilichukua saa 2, dakika 40 na sekunde 4. Watu walistaajabu, wakaisimulia kwa miaka mingi. Lakini ni karibu dakika 40 nyuma ya ile ya Kiptum. Je, Allen alikuwa mvivu? La, hasha! Alikuwa amebeba mwilini mwake mawimbi ya asubuhi na barabara ya mchana. Ndugu yangu, usipime mwendo wa mtu kabla hujajua alianzia wapi siku yake.

Sasa niwaeleze habari ya msichana mmoja. Februari 1982, mwanafunzi wa chuo kikuu huko California aitwaye Julie Moss, mwenye umri wa miaka 23, alikwenda Kona. Shabaha yake haikuwa kushinda. Alikuwa akikusanya habari za masomo yake juu ya mwili na mazoezi. Lakini katika marathoni akajikuta anawaongoza wanawake wote. Jioni ilipoingia, nguvu zikamwisha. Akatembea, akaanguka. Akasimama, akakimbia kidogo, akaanguka tena. Miguu ilikataa kumtii. Watu waliokuwa kando walitaka kumshika, naye akawakataza, kwa maana sheria hairuhusu mshindani kubebwa au kushikiliwa. Akiwa ameanguka karibu kabisa na mwisho, mwenzake Kathleen McCartney akampita na kushinda. Julie hakubaki pale. Alitambaa kwa mikono na magoti, taratibu, mpaka akauvuka mstari. Tofauti yao ilikuwa sekunde 29.

Picha zile zilionyeshwa katika televisheni ya Marekani, na wengi waliosahau jina la mshindi walikumbuka yule aliyetambaa. Mmoja wa walioziona alikuwa kijana Mark Allen, yule yule niliyemtaja. Mwaka ule ule akaenda Kona mwenyewe. Alishindwa mara sita kabla ya kushinda mwaka 1989.

Wapendwa, habari hii husimuliwa mara nyingi, na hufundishwa hivi: jikaze, usikate tamaa, tambaa ikibidi. Somo hilo ni jema, nami silipingi. Lakini nina wasiwasi nalo likisimama peke yake. Kwa sababu wako watu wengi makanisani mwetu wanaotambaa sasa hivi, wala hawahitaji mtu wa kuwaambia wajikaze. Wamejikaza miaka mingi. Kwa ajili yao nataka niwasimulie habari ya pili.

Paula Newby-Fraser alizaliwa mwaka 1962 katika mji tunaouita leo Harare, ambao wakati ule uliitwa Salisbury, akalelewa Afrika Kusini. Kufikia mwaka 1995 alikuwa ameshinda Kona mara saba. Hakuna mwanamke aliyeijua barabara ile kuliko yeye. Mwaka huo aliongoza tena katika marathoni, lakini nyuma yake Mmarekani Karen Smyers alikuwa akimkaribia. Sasa sikilizeni alichofanya. Katika njia ya marathoni kuna meza za maji, karibu kila maili moja. Pale wanasimama watu wa kujitolea na vikombe vya maji, barafu, chumvi, matunda na vinywaji vya sukari. Paula, kwa kuhofia yule aliye nyuma, katika kilomita za mwisho akazipita meza bila kunywa, ili asipoteze nafasi.

Mita mia chache kabla ya mwisho, mwili wake ukasimama. Akayumba kama mlevi. Smyers akapita, akaenda akashinda. Paula akaketi chini, akavua viatu, akalala barabarani. Wengine wakampita. Akapewa maji, akapozwa. Baada ya dakika kama ishirini aliinuka, akatembea polepole bila viatu, akamaliza wa nne. Mwaka uliofuata, 1996, alirudi akashinda mara ya nane.

Unaona jambo hilo? Bingwa wa mara saba hakuangushwa na uzembe, wala si kwamba hakuwa na moyo. Aliangushwa na kikombe ambacho hakukinywa. Na tena, hakuinuliwa na makelele ya watu wakimwambia, "Inuka!" Aliinuliwa na maji, na kukaa chini dakika ishirini.

Kwa sababu hiyo walimu wa mbio hizi huwafundisha wanafunzi wao mambo ambayo ni madogo mno. Usiwaze kilomita 42, waza meza inayofuata. Ukifika mezani, tembea. Kunywa kidogo kabla hujasikia kiu, na ule kidogo kabla hujasikia njaa, kwa maana ukingoja mpaka udhaifu ukushike umechelewa. Hata maji yenyewe yana kiasi chake, kwa kuwa anayekunywa maji matupu kupita kiasi huipunguza chumvi katika damu yake, na hilo laweza kumuua. Basi kikombe kidogo, chumvi kidogo, hatua chache za kutembea, kisha mbio tena hadi meza nyingine. Hivyo ndivyo wengi wanavyofika. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai.

Ukitaka kuona jambo hili katika Biblia, soma sura ya 19 ya Wafalme wa Kwanza. Nabii Eliya alikuwa ametoka kushinda ushindi mkubwa juu ya mlima Karmeli. Tena alikuwa amekimbia mbio mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli. Mara akasikia vitisho vya Yezebeli, akaikimbilia nyika, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Nasi twajua kuhubiri, tungelimhubiria palepale. Tungelimwambia, "Mtumishi, imani yako iko wapi?" Lakini Mungu hakuanza na mahubiri. Alimpa usingizi. Kisha malaika akamgusa, na tazama, mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamlisha tena, akikiri kwamba safari iliyo mbele ni kubwa kuliko nguvu za Eliya. Ndipo akaenda siku 40 mpaka Horebu, na huko ndiko aliposemeshwa.

Angalieni mpango wa Mungu: mkate kwanza, maneno baadaye.

Sasa ninasema na wewe, mama, ambaye mume wako alipatwa na kiharusi, na huu ni mwaka wa tatu unamgeuza kitandani usiku na mchana. Mwanzoni jamaa walijaa nyumbani, kama watu wanavyojaa ufukweni kutazama waogeleaji wakianza. Siku hizi mlango haubishwi. Umefika sehemu ya tatu ya mashindano. Unajilaumu kwa kuwa unachoka, na pengine siku nyingine hasira inakupanda juu ya mgonjwa wako, kisha unalia kwa siri. Nasema nawe pia, baba uliyesomesha watoto watano, na huyu wa mwisho karo yake imekuwa mlima, ingawa wa kwanza ulimlipia kwa wepesi. Nasema nawe mwalimu, muuguzi, mtunza kanisa, uliyebakiza miaka michache tu ustaafu, na kila asubuhi miguu inakataa.

Kuchoka kwako si dhambi, wala si upungufu wa imani. Umebeba mawimbi ya asubuhi na barabara ya mchana. Lakini nakusihi, usiipite meza ya maji. Binti wa jirani akikuambia, "Mama, nitakaa na mzee Jumamosi ukapumzike," usimjibu kwamba utaweza tu. Lala. Kula chakula chako kingali moto. Nenda kapimwe shinikizo la damu wewe mwenyewe unayempeleka mwingine hospitali kila mwezi. Mweleze mtu mmoja ukweli wa hali yako, awe mchungaji, awe mwenzako katika chama cha akina mama. Tena usiangalie nyuma kuona nani anakukaribia, wala usipime nyumba yako kwa nyumba ya jirani. Hofu ya aliye nyuma ndiyo iliyompitisha bingwa meza.

Na pengine yuko anayesikia ambaye imempasa kusimama kabisa. Huko Kona daktari akiona hatari anaweza kumtoa mshindani barabarani, naye asiyesikia hucheza na maisha yake. Kama daktari amekuambia uache kazi fulani, kuacha huko si kushindwa. Mungu hahesabu watu wake kwa mistari waliyoivuka.

Nina neno pia kwa sisi tulio kando ya barabara. Mbio hizi haziwezekani bila wale wa kujitolea. Hawambebi mkimbiaji, kwa maana safari ni yake. Lakini wanasimama saa nyingi juani, mkono umenyooshwa, kikombe ndani yake. Wengi wetu ni hodari wa kupiga makofi. Twaandika salamu za pole, twasema, "Tunakuombea," kisha twaenda zetu. Ni vizuri kuomba. Lakini wiki hii, chagua nyumba moja yenye mgonjwa wa siku nyingi, uende na chakula kilichopikwa, ukae na mgonjwa saa mbili, umwambie mwenye nyumba akalale. Usimpe mashauri. Mpe kikombe.

Namalizia na desturi moja ya Kona inayonigusa sana. Kwa miaka mingi mashindano yalianza saa moja asubuhi na kufungwa saa sita usiku, yaani saa 17. Washindi humaliza mchana kungali mwangaza. Wanaoga, wanakula, wangeweza kwenda kulala. Lakini inapokaribia saa sita usiku, mabingwa hurudi kwenye mstari wa mwisho. Husimama pale pamoja na umati, wakiwangojea wa mwisho: mzee wa miaka sabini na zaidi, mama anayechechemea, kijana aliyetapika njia nzima. Mtu anapotokea gizani akaingia katika mwanga, yule aliyeshinda mchana ndiye anayempigia makofi.

Waraka kwa Waebrania unamwita Bwana Yesu kwa jina moja zuri, Mtangulizi. Mtangulizi ni mtu aliyekwisha kufika. Anaijua barabara yote, na kiu yake, na kuanguka kwake. Naye hakwenda kulala. Basi wewe unayekuja nyuma usiku huu, tembea. Meza inayofuata haiko mbali, na mwisho wa njia yuko anayekungojea.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyemlisha mtumishi wako chini ya mti nyikani, watazame waliochoka asubuhi hii. Wape usingizi wanaokesha. Wape unyenyekevu wa kupokea kikombe wanachopewa. Nasi wengine utunyoshee mikono tuwape. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.